Mpe Mwenzako Zamu

Siku ile nyumbani walikuwepo wanne. Fundi wa redio na televisheni, amejilaza chumbani baada ya chakula cha mchana. Mke wake, mshonaji, kwenye cherehani barazani. Mama yake fundi, bibi asiyesikia, kwenye kigoda chake kando ya cherehani. Na mtoto wao wa pekee, sebuleni, mguu wa kulia ndani ya plasta. Hakuwepo mwingine. Baadaye mshonaji alikuja kuwahesabu tena na tena kwa vidole, na kila mara walikuwa wanne.

Mtoto alikuwa na miaka saba. Walimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea asubuhi kabla hajafumbua macho. Alivunjika mguu kwa kuruka ngazi za shule, tatu kwa mkupuo, mbele ya watu waliosema hawezi. Siku za mwanzo wenzake walikuja kuandika majina yao kwenye plasta, kisha wakarudi kwenye mpira wao. Akabaki mmoja tu, mtoto wa jirani waliyemwita Pengo, aliyepita kila alasiri kumweleza nani amechapwa na nani amelia.

Fundi hakuvumilia kumwona mwanawe akiongea na dari. Kazini kwake palikuwa na mashine ya gemu iliyokaa kwenye rafu miaka miwili. Mteja aliileta, akasema atarudi Jumamosi, hakurudi. Fundi alikuwa na desturi yake: kitu cha mtu hakiuzi wala hakitupi. Hukifuta vumbi kila mwezi na kukisubirisha. Safari hii akakileta nyumbani.

"Mwenyewe akirudi?" mke aliuliza.

"Akirudi ataikuta imefanya mazoezi."

Ilikuwa gemu ya kupiga gitaa. Mchezaji hushika gitaa la plastiki lisilo na nyuzi, lenye vitufe vitano vya rangi shingoni na swichi ya kukwangua tumboni. Kwenye televisheni hutokea barabara nyeusi, na vidoti vya rangi hushuka kwa mdundo wa wimbo. Kidoti kikifika chini, unabonyeza rangi yake na kukwangua papo hapo. Ukipatia, watu wadogo waliojazana mbele ya jukwaa wanapiga makofi. Ukikosea, mshale ulio pembeni unatoka kwenye kijani kwenda kwenye nyekundu, na ukifika mwisho wanakuzomea na wimbo unakatika. Wakicheza wawili, barabara zinakuwa mbili lakini mshale ni mmoja. Akianguka mmoja wameanguka wote.

Nyimbo zote zilikuwa roki za zamani. Wanaume wenye nywele za kufika mgongoni, wakipiga kelele kama waliobanwa vidole na mlango.

"Hawa wanalia nini?" mshonaji aliuliza.

"Wanaimba mapenzi, mama."

"Basi huyo mpenzi alikuwa na roho ngumu."

Magitaa yalikuwa mawili, ila la pili lilikuwa ganda tu. Fundi alikuwa ametoa vyote vya ndani yake ili kulitibu la kwanza, na waya wake ameukata kwa mkasi. Alitaka kulirudisha kazini, Chiriku akalia kwamba gitaa lake litakaa peke yake. Basi likawekwa kwenye kochi, limeegemezwa kama mgonjwa anayeota jua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri. Mshonaji alikuwa anapinda suruali za sare. Kutoka sebuleni ulikuja muziki, na chini ya muziki mlio wa vitufe: tak, tak-tak, tak. Masikio ya mshonaji yamezoea kuhesabu. Cherehani ikiruka mshono mmoja, anajua. Akasikia kwamba vitufe vinavyolia ni vya magitaa mawili, na Chiriku anacheka kwa sauti ya chini kama anayenong'onezwa. Akajua Pengo ameingia kwa mlango wa nyuma.

"Chiriku," aliita bila kusimamisha mguu. "Mpe mwenzako zamu."

"Amesema hana haraka, mama."

"Mgeni hasemi ana haraka. Mpe zamu."

"Nimpe kabisa?"

"Mpe kabisa. Hatukukulea kwa uchoyo."

Wimbo mpya ukaanza. Ulikuwa mrefu, wa kasi, ule ambao Chiriku alikuwa akishindwa kila siku kabla ya katikati. Mshonaji akasikiliza huku akikata uzi. Hakuna kidoti kilichokosewa. Hata kimoja. Bibi aliyekuwa amelaza unyayo wake kwenye mguu wa cherehani, maana ndivyo alivyopenda kukaa, akiisikia kazi ya mkwewe kwa unyayo, aliuondoa ghafla na kuuangalia.

Mshonaji alipomaliza pindo alichemsha chai, akatia sukari ya kutosha, akapeleka vikombe viwili.

Chiriku alikuwa peke yake. Gitaa lake lilikuwa mapajani, mikono yake imekaa juu ya plasta. Gitaa la pili lilikuwa limesimama wima katikati ya kochi, haliegemei kitu.

"Pengo yuko wapi?"

"Hajaja. Mama yake si alisema asubuhi anaumwa tumbo?"

Ni kweli alisema, tena alisema kwa mshonaji mwenyewe, kwenye kamba ya nguo. "Sasa nani alikuwa anapiga?"

"Huyo uliyesema nimpe zamu."

Mshonaji aliweka vikombe mezani. Kwenye televisheni wale watu wadogo walikuwa bado wanapiga makofi ingawa wimbo ulikuwa umeisha zamani. Akaenda kumwamsha mumewe. Waliporudi, kikombe cha Chiriku kilikuwa kinafuka mvuke. Kile cha upande wa gitaa la pili kilikuwa kitupu, na kikavu ndani, kama hakijawahi kutiwa chai.

Fundi alicheka ili mkewe apate nafuu. Alifungua ganda lile kwa bisibisi, akamwonyesha: skrubu mbili na vumbi. "Hili limekufa, mke wangu. Mashine ikiachwa huwa inajipigia yenyewe, kuonyesha mfano." Lakini alipolirudisha kwenye kochi alijifuta kiganja kwenye suruali, na hakusema kwamba plastiki ile ilikuwa na joto la mwili.

Palikuwa na harufu pia. Nyumba ya fundi huwa inanuka risasi ya kuchomea waya, kwa hiyo hakuna aliyeijali. Ila hii, ukiivuta mara ya pili, ilikuwa na nywele zilizoungua ndani yake.

Siku ya tatu Chiriku aliamka bila kuongea. Alikunywa chai, akajikongoja hadi sebuleni, akakaa. Pengo alikuja na habari za darasa zima, akazimwaga, akasubiri, akaondoka na midomo imeshuka. "Ananikasirikia?" alimuuliza mshonaji mlangoni, na mshonaji akampa kitambaa cha rangi ili asiende mikono mitupu. Siku ya nne, akimnawisha mtoto kabla ya chakula, alihisi kitu kwenye mkono wa kushoto. Ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu. Alizigeuzia kwenye mwanga. Mshonaji anajua sugu. Anazo zake mbili, za sindano na za mkasi. Hizi zilikuwa na mfereji mwembamba katikati, kama za mtu aliyekandamiza waya miaka mingi.

"Gitaa lenyewe halina nyuzi," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini. "Baba Chiriku, nieleze wewe uliyesomea. Nyuzi ziko wapi?"

Fundi akaenda kuchomoa waya wa televisheni ukutani, na wa mashine, akazikunja nyaya zote mkononi. Kioo kikazima. Muziki ukanyamaza. Na kwenye chumba kile, mchana kweupe, mtoto wao akiwa amekaa na mikono mitupu, vitufe vya lile ganda viliendelea: tak, tak-tak, tak, na vidole vya Chiriku hewani vikavifuata.

Aliyegundua ubaya wenyewe ni bibi. Masikio yake yalizibwa na homa angali msichana. Hajawahi kusikia sauti ya mwanawe wa kumzaa. Kwa kuwa hajisikii, kunong'ona kwake ni kwa kusikika hadi barabarani. Jioni hiyo alimvuta mkwewe kwa mkono na kunong'ona nyumba nzima:

"Mama Chiriku, mtoto haangalii macho yenu. Anaangalia midomo."

Mshonaji alimpangia maneno taratibu, kama alivyofanya kila siku tangu alipoolewa, ili bibi ayasome. "Una maana gani, mama?"

"Mimi ndiyo kazi yangu miaka hamsini. Naijua. Mtoto hasikii."

Mshonaji akaenda nyuma ya mwanawe. Akamwita kwa jina la utani, akamwita kwa jina alilopewa alipozaliwa, akagonga sufuria kwa mwiko karibu na kisogo chake hadi jirani akachungulia. Chiriku hakugeuka. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda taratibu, mbele na nyuma, kwa wimbo ambao mama yake hakuusikia.

Daktari aliangalia masikio yote mawili kwa taa yake ndogo, akasema ni safi kabisa, akatamani yake yangekuwa hivyo. Walirudi nyumbani. Fundi akasema mashine irudi kazini siku hiyo hiyo. Alipolinyanyua ganda, Chiriku alitoa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwa mtoto wala kwa mtu, na damu ikachuruzika sikioni mwake, nyembamba kama uzi. Fundi akalirudisha kwenye kochi taratibu, kama anayemlaza mtoto.

Ndipo mke akamtuma kwa Mama Sabuni.

Mama Sabuni alikuwa mwanamke mfupi aliyetengeneza sabuni za maji na kuzipitisha nyumba kwa nyumba. Watu walijua pia kwamba anaondoa majini, ila hakupenda lisemwe mbele ya wateja. Alikuja saa nne asubuhi na dumu lake begani, akaliacha nje, akavua viatu, akanusa.

"Hawa hukaa kwenye vitu vilivyoachwa vikisubiri," alisema. "Wanajua kusubiri kuliko sisi. Hawaingii kwa mtu bila kukaribishwa. Nani alimkaribisha?"

Mshonaji alitazama sakafu. "Mimi. Nilisema apewe zamu. Nilidhani ni mtoto wa jirani."

"Ulisema mara ngapi?"

"Mara mbili. Nikasema apewe kabisa. Nikamletea na chai."

Mama Sabuni alimshika bega. "Usijilaumu, mwanangu. Umeponzwa na wema, si wa kwanza wewe." Akakaa. "Zamu iliyotolewa na mwenye nyumba haiporwi. Nikiipora kwa dua ataondoka na masikio ya mtoto, na pengine asiishie masikioni. Zamu huisha yenyewe. Kwenye mchezo huu inaishaje?"

"Mtu akikosea mpaka mshale ufike mwisho," alisema fundi.

"Basi akosee."

"Huyu hakosei."

"Si umenieleza njiani kwamba wakicheza wawili akianguka mmoja wameanguka wote?" Mama Sabuni aliwaangalia mmoja mmoja. "Nataka mtu wa kukosea. Kukosea si kazi ngumu."

Mshonaji alichukua gitaa la mwanawe. Hajawahi kushika gitaa maishani, la plastiki wala la mti. Shule yake iliishia darasa la saba na huko waliimba kwa makofi. Fundi alirudisha waya. Barabara mbili zikatokea. Wimbo ulipoanza, mshonaji alidhamiria kubonyeza ovyo, lakini kitu laini kilimwingia masikioni kama pumzi ya mtoto anayenyonya, kikamwambia sasa, kikamwambia sasa tena, na vidole vyake vikashuka vyenyewe kila kidoti kilipofika, akapatia kumi, akapatia hamsini, watu wadogo wakanyanyua mikono, na kilichomtisha si kwamba hakuweza kuacha bali kwamba ilikuwa tamu, tamu kuliko kitu chochote alichowahi kufanya vizuri, hata machozi yakamtoka na akasahau kwa nini alikuwa amekaa pale. Fundi alimpokonya gitaa. Akajaribu yeye, akiwa amejiziba masikio kwa pamba, na ikawa vilevile.

"Anawashika kwa masikio," Mama Sabuni alisema. "Mtu mwenye masikio hawezi."

Wote watatu wakageuka kumtazama bibi, aliyekuwa mlangoni. Hakuambiwa kitu. Alikuwa amesoma midomo yao yote.

"Nipisheni," alisema. "Tangu mwezi uliopita mnacheza peke yenu, hata kunikaribisha hakuna."

Alikaa sakafuni mbele ya kochi, miguu ameikunja, gitaa amelishika kichwa chini. Mjukuu alikuwa kando yake, macho kwenye kioo. Kabla fundi hajabonyeza kuanza, bibi alilitazama lile ganda na midomo yake ikaenda bila sauti. Mama Sabuni alidhani anaomba dua. Fundi pia. Lakini mshonaji alikuwa amesema na mdomo ule kwa miaka tisa, na aliyasoma maneno: *Mwache huyu. Njoo kwangu. Kuna nafasi.*

Wimbo ukaanza. Bibi alikosea kidoti cha kwanza, na cha pili, na cha tatu, akibonyeza kwa kidole gumba kama anayepima embe kama limeiva, na mshale ukajikwaa kwenye kijani. Upande wa pili vidoti vilipokelewa vyote, kwa kasi, tak-tak-tak-tak, ukavutwa juu tena. Bibi akakosea. Ndipo chumba kikaanza kujaa, kwanza harufu ya nywele hata Mama Sabuni akajiziba pua kwa upande wa kitenge, kisha muziki wenyewe ukapanda bila mtu kuuongeza, ukapita pale televisheni inapoweza kufika, vikombe vikatembea mezani, pazia likavutwa kuelekea ndani kama chumba kinavuta pumzi, na nywele nyeupe za bibi upande wa sikio la kushoto zikaanza kupeperuka taratibu, kama mtu aliyeinama karibu sana anamwambia neno, anamwambia tena, anamwambia kwa ukali sasa, na bibi anakosea, macho yake hayapo kwenye kioo bali kwa mjukuu wake, anatabasamu kidogo kama mtu anayesemeshwa lugha asiyoijua na hataki kumvunjia mwenzake heshima, mshale ukavuka njano, ukagusa nyekundu, wale watu wadogo kwenye kioo wakaacha kushangilia na wote kwa pamoja wakageuza nyuso zao kutoka jukwaani kuwatazama waliokuwa chumbani.

Kisha wakazomea. Wimbo ukakatika. Shingo ya lile ganda ikapasuka kwa mlio wa fupa.

Nje mtu alipita na baiskeli inayolia mnyororo.

"Bibi," alisema Chiriku, akikunja uso, "baiskeli ile inataka mafuta." Akamtazama mama yake. "Mbona mnalia? Pengo amekuja?"

Walichoma magitaa yote mawili uani, na mashine pia. Mara moja tu fundi alivunja desturi yake ya kutunza vitu vya watu, na mteja hakurudi kuuliza. Mama Sabuni alipobeba dumu lake alimtazama bibi kwa muda. Siku iliyofuata alipita na kumletea sabuni ya mkono, ile nzuri, akaondoka bila kuingia ndani.

Plasta ilitolewa wiki iliyofuata. Vidole vya Chiriku vilikuwa vimelainika. Aliongea njia nzima ya kwenda hospitali na njia nzima ya kurudi, na baba yake hakumwambia apumzike hata mara moja.

Bibi alirudi kwenye kigoda chake, unyayo kwenye mguu wa cherehani. Ila mguu wake mwingine sasa ulikuwa unapiga sakafu mdundo ambao haukuwa wa cherehani. Kila Jumapili mshonaji alimkata kucha, tangu alipoingia nyumba ile. Jumapili ya kwanza baada ya mambo hayo bibi alimpa mkono wa kulia, na wa kushoto akauficha chini ya kanga.

"Huo nitakata mwenyewe," alisema.

Mshonaji hakubisha. Akamkata za kulia, akampaka mafuta. Alipotaka kuinuka, bibi alimshika.

"Mama Chiriku," alinong'ona, nyumba nzima ikasikia. "Wewe umezaliwa na masikio, hebu nambie. Watu wakianza kupiga makofi, huwa wanaacha saa ngapi?"

Mshonaji akakaa tena. Akamkumbatia.

Bibi aliishi miaka minne baada ya hapo. Asubuhi alipofariki, mshonaji ndiye aliyefunua ule mkono wa kushoto na kukata kucha zake kwa mara ya kwanza, na ncha za vidole vinne zilikuwa ngumu kama gome, zenye mifereji.